Mnaionea Chipsi, Gunia Mmeliacha

Kila mtu kijiweni siku hizi ni bingwa wa chakula. Dereva wa bodaboda ameacha soda. Fundi viatu anaapa kwamba mafuta ya chipsi, yale yanayokaangiwa tangu asubuhi mpaka yakawa meusi, ndiyo yanayotumaliza. Kinyozi kaona kwenye simu kwamba nyanya zinapuliziwa dawa leo na kesho ziko sokoni. Mzee wa kahawa hataki kumsikia kuku wa kisasa. Sina ugomvi nao. Mafuta yaliyochoka ni mabaya kweli, sukari tunaizidisha, na mkulima anayevuna kabla siku za dawa hazijaisha anatutendea ubaya. Lakini wakati ubishi umepamba moto, sahani ya karanga inazunguka mkono kwa mkono. Yuleyule aliyekuwa anailaani chipsi anachota, anakuta moja imesinyaa na ina weusi, anaipuliza, anaitupia mdomoni.

Hapo nikasonya kwa sauti.

Chipsi inaonewa kwa sababu inaonekana. Mafuta meusi unayaona, kitambi unakiona. Sumu ninayoisemea mimi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Wataalamu wanaiita sumukuvu, na iliyo kali kuliko zote ni aflatoksini. Inatengenezwa na kuvu inayoishi kwenye udongo, Aspergillus flavus, na vyakula inavyovipenda zaidi ni vilevile tunavyovila asubuhi, mchana na usiku: mahindi na karanga. Ule ukungu wa kijani unaouona kwenye punje ndiyo kuvu yenyewe. Ukungu utaufuta, utaupeta, utauosha. Sumu iliyokwisha kuzama ndani ya punje haifutiki.

"Si unapika lakini? Moto si unaua?" akauliza dereva wa bodaboda.

Moto unaiua kuvu, mdogo wangu. Sumu hauiwezi. Ugali unaiva kwenye nyuzi 100 hivi, na aflatoksini inastahimili joto la zaidi ya nyuzi 200. Kukaanga karanga kunapunguza kiasi, hakumalizi. Songa ugali mpaka mwiko ukatike, kilichomo kimo.

Akadakia fundi viatu na ile kauli yetu tunayoipenda, kwamba Mwafrika hafi kwa uchafu. Nikasonya mara ya pili, na safari hii kwa uchungu. Tumekufa, ndugu zangu, na tumehesabiwa. Katikati ya mwaka 2016, kwenye vijiji vya Dodoma na Manyara, kuanzia Chemba na Kondoa hadi Kiteto, watu walianza kuugua ugonjwa usiojulikana. Kutapika, tumbo kujaa, miguu kuvimba, macho kuwa ya njano. Mpaka Novemba mwaka ule walikuwa wamepatikana wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki. Uchunguzi ukaenda kuishia kwenye mahindi. Jirani zetu wa Kenya walipigwa zaidi: mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, wagonjwa 317 na vifo 125. Makueni hiyohiyo na Machakos walikuwa wameshazika watu kwa sababu hiyohiyo mwaka 1981.

Na watu wa Makueni na Kitui walikula nini? Si unga wa dukani, si chakula cha kopo, si vitu vya kutoka nje. Wengi walikula mahindi waliyoyalima wenyewe, wakayavuna mvua ikiwa imewawahi, wakayaingiza ndani yakiwa na unyevu kwa kuogopa yasioze shambani au yasiibiwe. Mnaposema "mimi nakula vya kienyeji, vya shambani kwangu", mnasema jambo zuri kwa mambo mengine. Kwa hili, kienyeji hakina kinga yoyote. Kuvu haiangalii shamba ni la nani.

Inachoangalia ni hali ya hewa, na hapa ndipo mazingira yanapoingia sahanini. Mhindi ukipigwa na jua kali mvua ikiwa imekata, mmea unachoka na kuvu inaingia ungali shambani. Kisha mvua zinakuja siku ambazo hazikutakiwa, wakati wa kuvuna. Ukame mwanzo, unyevu mwisho: huwezi kuitengenezea kuvu makazi mazuri kuliko hayo. Ongeza dumuzi, yule mdudu ambaye wazee wa Tabora walimpachika jina la skania alipoingia kwao, anayetoboa punje na kuiacha wazi. Ongeza kupukuchua kwa kupiga na fimbo, punje zinavunjika. Kanda ya kati yetu ni kavu, ina joto, na misimu yake inazidi kuyumba. Mtu wa Kongwa hakuomba hali ya hewa ya namna hiyo, wala si yeye aliyeiharibu.

Sasa vifo vya 2016 na 2004 ni vile vya kupigwa dozi kubwa kwa mkupuo. Kinachoniumiza zaidi ni dozi ndogo, ile ya kila siku, isiyomlaza mtu. Mtu anakula kidogo kidogo tangu anaachishwa ziwa mpaka mvi zinamtoka, na ini ndilo linalopokea. Aflatoksini inasababisha saratani ya ini, hilo halina mjadala tena kwa wanasayansi. Na mtu mwenye homa ya ini aina ya B kwenye damu anapoila, hatari inaruka: makadirio yanafika mara 30 kuliko kwa asiye na virusi hivyo. Watoto wetu wanapata kinga ya homa hiyo kwenye chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Sisi watu wazima wa hapa kijiweni, wengi tulizaliwa kabla chanjo hiyo haijafika. Kapimeni. Ambaye hana, kuna chanjo. Hilo ni jambo la kufanya wiki hii.

Mzee wa kahawa akatikisa kichwa, akasema tumbo la mtoto ndilo linalomtia hofu. Yuko sahihi mzee wangu. Watafiti walipima damu za watoto 480 wa Benin na Togo, wakatoa majibu mwaka 2002: asilimia 99 walikuwa na alama za aflatoksini mwilini. Walioachishwa ziwa walikuwa nazo nyingi kuliko wanaonyonya, na waliodumaa walikuwa nazo nyingi kuliko wenzao. Kudumaa kuna sababu nyingi, kuanzia maji machafu hadi mlo wa aina moja, na sitaki kuitwika sumukuvu mzigo wote. Lakini katika nchi ambayo utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, hatuna ruhusa ya kuuacha mlango hata mmoja wazi.

Na mlango mmoja tumeufungua kwa mikono yetu tukiwa na nia njema kabisa. Unga wa lishe. Mama anafundishwa amtengenezee mtoto uji wenye nguvu, naye anachanganya: mahindi, karanga, soya, mchele, ulezi, ngano, ubuyu, mwingine anafika aina kumi. Anaamini kila anachoongeza ni baraka. Lakini mahindi na karanga ndizo nafaka na mbegu zinazobeba aflatoksini kuliko nyingine hapo, na zikishasagwa pamoja hakuna jicho litakaloona punje mbovu. Unga ni unga. Halafu mtoto wa miezi minane, mwenye ini dogo na kilo saba, anakunywa bakuli zima, asubuhi na jioni. Mtu mzima mwenye kilo sabini anakula ugali wa mahindi hayohayo akachanganya na mchicha na dagaa. Mtoto yeye uji ndio mlo wake.

Dada zangu mnaosaga unga wa lishe, nisikilizeni bila kukasirika, kwa sababu sina lawama kwenu. Punguzeni orodha. Ulezi kwa kawaida hauna shida sana ya sumu hii, acheni uwe msingi wa uji. Karanga msizisagie ndani ya unga utakaokaa mwezi mzima kwenye ndoo. Zichambueni moja moja, tupeni iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika, iliyoota, kisha mzisage kidogo za kutumia siku chache. Na miezi sita ya kwanza, maziwa ya mama peke yake. Hata kwa sumukuvu maziwa hayo ndiyo ngao, ule utafiti wa Benin na Togo umeonyesha.

Hapo ukazuka ule ugomvi wa sembe na dona. Kinyozi ni mtu wa dona, daktari alimwambia ina nyuzinyuzi na vitamini, akaiacha sembe kabisa. Daktari hakukosea. Mahindi yakikobolewa, maganda na kiini vinaondoka, na vitu vizuri vingi vinaondoka navyo. Tatizo ni kwamba sumu nayo imejificha hukohuko, kwenye ganda na kwenye kiini. Kwa hiyo mahindi mazuri yakisagwa dona ni chakula bora, na mahindi mabovu yakisagwa dona unakula ubovu wote. Msimamo wangu mimi ni huu: kama mahindi umeyaona kwa macho yako, umeyachambua, unajua yalikaushwa, saga dona kwa amani. Kama unanunua unga wa kupimiwa na hujui ulitoka gunia gani, afadhali iliyokobolewa, na vitamini uzitafute kwenye mboga za majani na maharage. Kinyozi hakukubali. Bado tunabishana.

Kukoboa nako kuna mkia wake. Pumba zinakwenda wapi? Kwa kuku, kwa nguruwe, kwa ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akila pumba au mashudu yenye sumu, sehemu ya sumu inatokea kwenye maziwa, ikiwa imebadilika sura kidogo, na kuchemsha maziwa hakuiondoi. Na tusisahau kwamba dunia iliijua aflatoksini kupitia kwa ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 kule Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya miezi michache, wakaitafuta sababu mpaka wakaikuta kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Leo bado tunasikia mtu akisema mbele ya mahindi yaliyooza, "hayo wape kuku." Au "hayo peleka kwenye pombe." Au anayachanganya na mazuri, yakasagwe. Kila gunia baya nchini linatafutiwa mdomo wa kulila, na mdomo huo siku zote ni wa mtu asiyekuwa na uwezo wa kuchagua.

Ndiyo maana nasema jikoni si mahali pa kuanzia. Tunapenda kumlaumu mama jikoni, mara hakuosha, mara hakuivisha. Mama lishe wetu hapa jirani anaamka saa tisa usiku, anachambua mchele kwa tochi ya simu. Yeye sumu inamfikia ikiwa tayari imekamilika. Imetengenezwa shambani na ghalani, na ikapewa baraka sokoni.

Sokoni, jamani! Twendeni Kibaigwa, twendeni Tandale, tuone mahindi yanavyonunuliwa. Yanapimwa uzito, au yanapimwa kwa debe na lumbesa. Nani anapima unyevu? Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na aflatoksini isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Ni kiwango kizuri. Sasa fanyeni hesabu na mimi. Mkulima ana gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18. Akilianika kwenye turubai, akaligeuza siku kadhaa mpaka lifike 13.5, linabaki na kilo 95 hivi. Kilo 5 za maji zimeruka. Jasho lake limeongezeka, turubai kanunua, kijana wa kufukuza kuku na mbuzi kamlipa, na dalali anamlipa kwa kilo, bei ileile anayomlipa jirani aliyeleta mahindi mabichi. Yaani tumeunda soko linalomkata fedha mtu anayetulinda. Halafu tunamtumia mabwana shamba wakamfundishe umuhimu wa kukausha! Anaujua. Anaujua kuliko sisi.

Wenzetu wa Kenya, Machi 2021, walifunga mlango kwa mahindi ya Tanzania na Uganda wakitaja sumukuvu. Kelele zilikuwa kubwa, siasa ikaingia, na baada ya siku chache mlango ukafunguliwa kwa masharti, likiwamo la cheti kuonyesha kwamba sumu haizidi kiwango. Kijiweni tulichukulia kwamba tumeonewa. Mimi swali langu halikuwa la mpakani. Lori lililokataliwa, mahindi yake yanaliwa na nani? Na kwa nini mlaji wa Nairobi aombewe cheti, mlaji wa Mbagala asiombewe? Kenya nao hawakuishia kwa wageni: Novemba 2019 shirika lao la viwango lilizuia chapa 5 za unga wa mahindi wa viwandani kwao wenyewe kwa sababu ya aflatoksini. Hapa kwetu kazi ya usalama wa chakula iko TBS tangu 2019. Nawaomba, kwa heshima zote, wafike na kwenye mashine ya kusaga ya mtaani, kwa sababu huko ndiko walio wengi wanakosagia.

Na karanga, ambazo bado mnazitafuna hapa mbele yangu, zina ubaya wake wa peke yake. Kubangua karanga kwa mkono kunaumiza vidole. Basi watu wanazimwagia maji kwanza, ganda lilainike, kazi iende haraka. Zinabanguliwa zikiwa na unyevu, zinatiwa kwenye mfuko hivyohivyo, zinapakiwa, zinasafiri siku mbili kwenye joto. Anayefanya hivyo si mwovu. Ni mwanamke anayelipwa kwa debe alilobangua. Mashine ndogo ya kubangulia, inayozungushwa kwa mkono, ingemaliza jambo hilo kijijini kwake. Ukisikia kikundi cha kina mama kinatafuta mchango wa mashine hiyo, changa. Ini lako pia limo humo.

Dawa zipo, na hili ndilo linalonifanya nisonye kuliko yote, kwa sababu tungekuwa hatuna la kufanya ningenyamaza. Ipo Aflasafe, iliyotengenezwa na watafiti wa taasisi ya kilimo ya IITA na wenzao: kuvu ya jamii ileile lakini isiyotengeneza sumu, inapakwa kwenye punje za mtama na kumwagwa shambani, kama kilo 4 kwa eka, wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Inaiwahi ile mbaya na kukalia nafasi yake. Ipo mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ile ya PICS, ambayo dumuzi anafia humo bila dawa. Ila mahindi yaingie yakiwa makavu. Mfuko haukaushi kitu.

Na kwa wasio na kipimo cha unyevu kuna njia ya chumvi, isiyohitaji mtaalamu. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi kiasi, tia chumvi kavu vijiko vichache, funga, tikisa vizuri dakika moja mbili, iache itulie kama robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Chumvi ikishuka yote chini, yanaelekea kuwa salama kwa kuhifadhi. Fundi viatu amesema atampigia simu mama yake Mpwapwa amwelekeze leo hii. Ampigie kweli.

Ila dereva wa bodaboda, ambaye muda wote alikuwa ananipinga, ndiye aliyeuliza swali lililonibana. "Sawa kaka. Mama ana gunia moja, ndilo alilobaki nalo mpaka mavuno. Limeota ukungu. Wewe utamwambia alifukie. Atakula nini?"

Hakuna chupa ya chumvi inayojibu hilo. Kenya, mwaka ule wa 2004, serikali iligawa mahindi mengine kwenye maeneo yaliyopigwa, kwa sababu ilielewa kwamba mtu mwenye njaa hawezi kutupa chakula kwa kuambiwa tu. Sisi tunazo kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji, na tunaziona zikikutana mafuriko yakibeba nyumba. Nyumba iliyosimama wima na ndani yake lipo gunia moja lenye sumu nayo iandikwe kwenye daftari lao. Mwenye gunia apewe debe la mahindi makavu siku hiyohiyo anapofukia la kwake, kabla ya giza kuingia, asije akarudi usiku kulifukua kwa ajili ya watoto.